Kipindupindu hakingoji chanjo

Haya ni maneno ya afisa wa afya ya umma wa kaunti katika baraza la wananchi la matayarisho ya msimu wa mvua. Tumeyachapa karibu yote jinsi alivyoyasema, kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba nakala.

Sitawaweka sana juani.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie changamoto za dunia ya leo katika kudhibiti magonjwa ya kuambukiza. Kichwa hicho ni kirefu, na nikikifuata chote tutalala hapa. Nimechagua ugonjwa mmoja, kipindupindu. Dunia imeujua kwa muda mrefu, matibabu yake makubwa ni maji, chumvi na sukari, chanjo yake ipo, na bado unatuua. Tukielewa kwa nini huu unatushinda, hayo mengine tutayaelewa njiani.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 21,000 na 143,000 hufa kwa kipindupindu duniani. Tazameni upana wa hesabu hiyo. Mtu akikuuliza una mbuzi wangapi, nawe ukamjibu kati ya ishirini na mmoja na mia moja arobaini na watatu, atajua hujawahi kuhesabu zizi lako. Sehemu ya tatizo la kipindupindu ndiyo hiyo. Wengi hufia nyumbani, hupimwi mtu, na mahali pengine wakubwa hawataki jina la ugonjwa litajwe.

Wimbi tulilo nalo lilianzia Indonesia mwaka 1961. Lilifika Afrika Magharibi mwaka 1970, na mwaka uliofuata, 1971, likaingia Kenya. Halijakatika tangu hapo. Linatulia, watu wanasahau, halafu linaamka. Na huwezi kulizuia kwenye kizuizi cha barabarani, kwa sababu walio wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, au wanahara kidogo tu na kuendelea na safari zao. Dereva wa lori anaweza kuwa na kijidudu tumboni, ashuke pale stendi ale chapati, aende kichakani, aondoke akiwa mzima na anapiga mluzi. Mvua ikinyesha usiku huo, kilichokuwa kichakani kiko kisimani asubuhi.

Sasa chanjo. Najua ndilo swali la wengi, maana mlipopita hapa langoni mmeniuliza, "Daktari, chanjo inakuja lini?" Kwanza mimi si daktari, ni afisa wa afya ya umma, kazi yangu ni vyoo, maji na chakula. Lakini nitawajibu.

Chanjo ya kipindupindu inamezwa, haichomwi sindano. Tangu mwaka 2013 dunia ina ghala moja la dharura la chanjo hiyo. Nchi ikipata mlipuko inaandika maombi, na kamati ya mashirika manne inaamua nani apewe na kiasi gani: Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Madaktari Wasio na Mipaka, na shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Ni mpango mzuri. Shida ni kwamba watengenezaji waliokuwa wakijaza ghala hilo walikuwa wawili tu, mmoja India na mmoja Korea Kusini. Mwaka 2022 milipuko iliongezeka katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, maombi yakazidi kilichomo. Mwezi Oktoba mwaka huo kamati ikaamua kwamba kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili, ili angalau wengi waonje. Dozi moja inakinga, lakini kinga yake haikai muda mrefu kama ya dozi mbili. Halafu kufikia mwisho wa 2023 yule mtengenezaji wa India akaacha kuitengeneza. Kwa muda, dunia nzima ikawa inategemea kiwanda cha kampuni moja ya Korea.

Kwa nini kampuni iache kutengeneza kitu kinachotakiwa hivyo? Wanunuzi wa chanjo hii ni maskini. Anayeugua kipindupindu ni mtu asiye na maji ya bomba, na mtu asiye na maji ya bomba hana pesa za kumfanya mfanyabiashara akeshe kiwandani. Sisemi hivyo kwa uchungu, ndivyo soko lilivyo. Hata nyinyi mnaouza mboga hamlimi zao ambalo mnunuzi wake hana kitu.

Mwezi huo huo wa Oktoba 2022, kipindupindu kililipuka hapa Kenya, na wagonjwa wa kwanza walihusishwa na arusi moja katika Kaunti ya Kiambu. Wageni walikula, wakacheza, wakarudi makwao katika kaunti mbalimbali. Mlipuko ule ulikuja kugusa zaidi ya kaunti ishirini, wagonjwa wakapita 12,000, na waliofariki wakapita 200. Chanjo ilianza kutolewa Februari 2023, katika kaunti chache tu zilizokuwa na hali mbaya, zikiwemo Nairobi, Garissa, Wajir na Tana River. Hesabuni wenyewe kwa vidole. Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari. Walioihudumia kazi hiyo hawakulala, nawajua baadhi yao. Maombi, ndege, barafu, malori, mafunzo ya wachanjaji, vyote vinakula muda. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu kwa saa chache tangu aanze kuhara.

Kwa hivyo jibu langu kuhusu chanjo ni hili: ikija, mezeni, leteni na watoto. Lakini msipange maisha yenu kwa kuingojea.

Nizungumzie jambo la pili, ambalo naliona zito kuliko chanjo. Ni kuficha.

Wavuvi wa Ziwa Viktoria wa umri wangu wanakumbuka mwisho wa mwaka 1997. Kulikuwa na kipindupindu Afrika Mashariki, na Jumuiya ya Ulaya ikapiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilisema marufuku ile haikuwa ya lazima kiafya. Haikusaidia kitu. Viwanda vya mbuta vilisimama, wavuvi wakauza kwa bei ya kutupa, mpaka marufuku ilipoondolewa katikati ya 1998. Sasa jiulizeni, kiongozi aliyeona hayo, mwaka mwingine akiletewa habari za wagonjwa wa kuhara, atakimbilia kutangaza? Na si mambo ya zamani tu. Novemba 2021 wanasayansi wa kusini mwa Afrika waliitangazia dunia aina mpya ya virusi vya korona, ile iliyoitwa Omicron. Walifanya lililo sawa, na haraka. Shukrani waliyopata ni kufungiwa ndege ndani ya siku chache. Kuna kanuni za kimataifa za afya zinazozitaka nchi zitangaze milipuko, na zinazotaka nchi nyingine zisiweke vikwazo kupita kiasi. Upande wa kwanza unakumbukwa kuliko wa pili.

Lakini nisiwaseme wakubwa wa dunia kana kwamba mimi sikuwahi kuficha.

Miaka iliyopita, kabla sijaletwa hapa, nilikuwa nafanya kazi katika kaunti nyingine, sitaitaja. Ijumaa usiku mzee mmoja alifariki baada ya kuhara na kutapika tangu mchana. Jamaa zake walisema amekula nyama mbovu. Mimi nilipata habari Jumamosi asubuhi, nikaenda. Nilipoambiwa kwamba choo chake kilikuwa kama maji ya mchele, nilijua. Nasema nilijua, sikudhani. Nilitakiwa nipige simu saa ile, nichukue sampuli, nizuie matanga yasiwe na chakula, na maiti ishughulikiwe na watu wenye glavu na klorini.

Wazee waliniita pembeni. Wakaniambia, mwanetu, Jumatatu ni soko kubwa la mifugo, wanunuzi wanatoka mbali, neno hilo likitoka kinywani mwako leo hatutauza hata kondoo, na karo za watoto zinangoja. Waliniambia kwa heshima. Hawakunipa hata shilingi. Nami nilikuwa kijana, nikawaonea huruma, nikasema acha ningoje Jumatatu jioni, pengine ni huyu mmoja tu.

Mwili uliosheshwa nyumbani. Waliouosha ni akina mama watatu na wajukuu wa marehemu walioteka maji. Akina mama hao hao walipika pilau ya matanga. Jumapili usiku zahanati ilipokea watu wanne, Jumatatu kumi na mmoja. Miongoni mwao kulikuwa na msichana wa darasa la nne, alipakiwa kwenye pikipiki kati ya mama yake na dereva, na njia nzima hakunyweshwa kitu kwa sababu walifikiri akinywa atatapika zaidi. Alifika amekwisha fariki. Ningesema Jumamosi, nyumba ile ingekuwa na pakiti za ORS na mtu wa kuwaonyesha namna ya kuzitumia. Mama yake bado namwona katika shughuli zangu. Hunisalimu vizuri kabisa. Hajui kwamba nilikuwa na siku mbili mkononi.

Soko la mifugo, mkitaka kujua, lilifungwa wiki tatu.

(Hapa msemaji alinyamaza kidogo, akanywa maji.)

Wengine mtaniambia, maji yetu ni ya mto, sisi hatuna hatia, uchafu unatoka juu. Ni kweli, na wakati mwingine unatoka mbali kuliko mnavyofikiri. Haiti ni nchi ambayo sasa Wakenya wengi wanaijua, kwa ajili ya polisi wetu waliopelekwa huko mwaka 2024. Januari 2010 ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Kipindupindu hakikuwa kimeonekana huko kwa karibu miaka mia moja. Oktoba mwaka huo kikalipuka kando ya mto Artibonite. Uchunguzi ulionyesha kwamba kijidudu kililetwa na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na kwamba maji machafu ya kambi yao yalikuwa yakiingia kwenye kijito kinachomwaga katika mto ule. Watu karibu 10,000 walikufa katika miaka iliyofuata. Ilichukua mpaka Desemba 2016 ndipo Katibu Mkuu, Ban Ki-moon, akawaomba Wahaiti radhi kwa namna Umoja wa Mataifa ulivyolishughulikia jambo hilo. Watu waliokuja kusaidia, wana magari, wana mafuta, wana bendera, walishindwa na choo.

Nami najua mnachokinong'ona pale mbele. Choo cha soko letu kina kufuli. Najua. Nimekiandikia barua, na leo mheshimiwa yuko hapa na amesikia mkicheka, kwa hivyo sina haja ya kuongeza.

Hali ya hewa nayo imetugeukia. Misimu mitano mfululizo mvua ilikosekana katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa nchi, watu na ng'ombe wakawa wanakunywa bwawa moja. Kisha mwisho wa 2023 ikaja mvua ya El Niño, vyoo vya shimo vikafurika na kuingia visimani. Ukame unawakusanya watu kwenye maji machache, mafuriko yanayachafua maji mengi. Kipindupindu kinapenda vyote viwili. Na pesa za kutoka nje tulizozizoea zimepungua: Januari 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya kigeni, na miradi mingi ya afya ilitikisika, hata ile isiyohusu kipindupindu, kwa kuwa maabara ni zile zile na wafanyakazi ni wale wale.

Sasa nataka niwape habari iliyonipa mimi moyo wa kuendelea na kazi hii.

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu kuingia India. Katika kambi ya mji wa Bongaon kipindupindu kiliwavamia. Daktari mmoja wa Kihindi, Dilip Mahalanabis, aliishiwa dripu. Wagonjwa walikuwa wamelala sakafuni, na hakuwa na wauguzi wa kutosha hata kama dripu zingekuwapo. Akaamua kuchanganya chumvi, glukosi na magadi ya kupikia katika maji, akayatia kwenye mapipa yenye bomba, akawaambia jamaa za wagonjwa wachote kwa vikombe na kuwanywesha ndugu zao wenyewe. Madaktari wengi wa wakati huo waliona ni upuuzi. Katika kambi hizo watu wapatao thelathini kati ya kila mia walikuwa wakifa. Kwa waliotibiwa chini yake, walikufa wasiofika wanne kwa mia. Waliofanya kazi hiyo ya kunywesha walikuwa mama, dada na wajomba.

Na linganisheni na Goma, Julai 1994, miaka zaidi ya ishirini baadaye, dawa hiyo ikijulikana na dunia nzima. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia katika siku chache tu. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkeno, huwezi kuchimba choo wala kaburi. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Dawa ilijulikana, lakini maji safi hayakuwapo, na mikono ya kunywesha haikufika mapema.

Basi sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Mtu akianza kuhara maji kama ya mchele, usisubiri gari. Anza kumnywesha hapo hapo. Kama una pakiti ya ORS, soma kilichoandikwa, kwa sababu nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Kama huna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa au yaliyotiwa dawa, weka vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa visiwe na kilima, na nusu kijiko cha chumvi. Onja. Yasizidi chumvi ya machozi. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo mpaka nusu kikombe kila baada ya kuhara, aliyemzidi nusu kikombe mpaka kimoja, na mtu mzima anywe kadiri awezavyo. Akitapika ngoja dakika kumi, kisha anza tena kwa kijiko, polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Maji hayo yakilala siku moja, mwaga, changanya mengine. Na unapomnywesha uwe tayari njiani kwenda zahanati, kwa pikipiki, kwa mkokoteni, kwa mgongo. Chupa iende naye.

Usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya antibiotiki ugawe nyumba nzima. Kinachomuua mgonjwa huyu ni kuishiwa maji mwilini, na vidonge havirudishi maji. Isitoshe, tumevimeza ovyo kiasi kwamba vingine vijidudu vimevizoea, na siku daktari atakapovihitaji kweli havitafanya kazi. Mhudumu wa afya akikuandikia, hilo ni jambo jingine.

Kifo kikitokea, kabla ya kuosha maiti, piga simu kwa chifu, kwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, au 719 ya Wizara ya Afya, haina malipo. Hatuji kuchukua maiti yenu. Shehe na mchungaji wako hapa, tumekubaliana nao: maosho na ibada vitafanyika, kwa glavu na klorini, na aliyeosha hatagusa sufuria. Matanga yatakuwa bila chakula. Ni aibu ya siku moja.

Wale wazee wa mifugo, kama wapo wa aina yao hapa, nawaomba siku hiyo ikifika msiniite pembeni. Niiteni mbele ya watu. Nitakuwa na jibu.

Wahudumu wa afya ya jamii wameweka meza pale karibu na tangi, wana jerikeni, sukari, chumvi na vijiko. Nitamwomba mama aliyevaa leso ya manjano aje apime, na nyinyi mhesabu vijiko kwa sauti. Halafu aonje yeye kwanza, atuambie kama ni machozi au ni bahari.